Fimbo Moja ya Zénon

Mwaka ule wote Libérate hakukaa kitako asipolazimika. Ukimkaribisha kiti alishukuru, akabaki wima. Kwenye misa alisimama nyuma, karibu na mlango. Asubuhi, katika treni ya chini ya ardhi ya Stockholm kutoka Hallonbergen hadi Fridhemsplan, ambako hubadilisha kwenda Hässelby kuwahudumia wazee majumbani mwao, alisimama ameshika nguzo hata behewa likiwa tupu. Leokadia, jirani yake wa ghorofa ya chini, mama wa Bukoba asiyejua kuumauma maneno, alimwambia kwamba akizidi kusimama hivyo watu watadhani ni mkaguzi wa tiketi.

Wala haikuwa miguu. Ulikuwa msiba ambao haujafungwa.

Mumewe, Zénon, alifariki mwezi wa sita wa mwaka uliotangulia. Walimzika, wakakaa matanga siku saba, wakasali, wakatawanyika. Lakini kwa Warundi kuzika si kumaliza. Baada ya mwaka hivi ukoo hukusanyika tena kwa kile wanachokiita kuganduka. Siku hiyo msiba huinuliwa. Mjane huvua nguo nyeusi, mrithi hukalishwa katika kiti cha marehemu na kukabidhiwa fimbo yake, kisha mtungi wa pombe ya mtama hufunuliwa, watu wakanywa kwa mirija. Kabla ya siku hiyo nyumba haipokei posa, haihami, haianzi jambo. Na mrithi asipoketi, mtungi haufunuliwi.

Mrithi alikuwa Arnaud, mtoto wake wa kwanza, kijana wa miaka ishirini na saba, fundi umeme. Na Arnaud alikuwa pangoni.

Mwezi mmoja baada ya mazishi alikwenda kaskazini mwa India kutembea. Wiki tatu, alisema. Wiki tatu zikawa miezi. Mwishowe akatuma picha ya jabali refu, vyumba vyeupe vimebandikwa ubavuni mwake kama viota vya nyigu, na juu ya vyumba mdomo mweusi wa pango. Akaandika kwamba hayo ni makao ya watawa wa Kibuda, kijiji kinaitwa Lungmar, anawafungia umeme wa jua, na ameomba akae nao. Kuganduka kulikuwa kumepangwa Pasaka. Kukaahirishwa kwa ajili yake. Kukapangwa tena Jumamosi ya tatu ya Agosti, ukumbi ukachukuliwa, ndugu wa Brussels na Oslo wakakata tiketi. Arnaud akajibu kwa mstari mmoja kwamba mwezi huo hawezi.

Mwenye kauli katika mambo ya ukoo ni mzee Isak, kaka mkubwa wa marehemu, anayeishi Rågsved, upande wa pili wa jiji. Alipiga simu. Hakugomba, mzee yule hagombi. Alieleza tu kwamba msiba ulioahirishwa mara mbili hugeuka kuwa mgeni asiyetoka, na kwamba yeye hajaona popote kiti kitupu kikipewa fimbo.

"Mwite, shemeji," alisema. "Asipoitika, mfuate. Mtoto hafuatwi kwa barua."

Libérate akaomba likizo, akamchukua binti yake Darlène, mwanafunzi wa uuguzi, amsaidie kwa Kiingereza, akafunga safari. Leokadia alimsindikiza hadi kituoni huku akimpa maonyo. Asile nyama asiyoijua. Asiinamie sanamu hata kama kamba ya kiatu imefunguka, maana Mungu anaona mbali lakini watu wanaona vibaya.

Mkononi Libérate alibeba fimbo ya Zénon. Haikuwa fimbo ya mti. Goti lilipoanza kumsumbua, Zénon alinunua kwenye soko la mitumba mojawapo ya zile fimbo nyepesi za alumini ambazo Waswidi hutembea nazo msituni mbili mbili. Yake ilikuwa moja; mwenzake alikuwa amepotea hata kabla haijafika sokoni. Akaizungushia kitambaa chekundu mpinini, akatembea nayo miaka sita, na akichekwa alijibu kwamba yeye goti bovu ni moja, la pili angeliletea nini? Sasa Libérate aliichukua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mlima. Ya pili hakuisema kwa mtu: akiiona tu, Arnaud atakumbuka yeye ni mtoto wa nani.

Waliruka hadi Delhi, wakaruka tena hadi mji wa milimani ambako hewa ni nyembamba, ukipanda kitandani ni kama umekimbia. Wakalazimika kupumzika siku mbili. Darlène alilala, Libérate alihesabu hatua za ua wa nyumba ya wageni, arobaini kwenda, arobaini kurudi. Kisha siku moja na nusu kwenye jeep, bonde likiwa chini upande wake wa dirisha muda wote, rozari mkononi. Barabara ilipokwisha, wakampa mwenye nyumbu mizigo yao, wakaenda kwa miguu.

Njia ilikuwa nyembamba, upande mmoja jabali, upande mwingine mto wa rangi ya maziwa yaliyochanganywa na majivu. Libérate alichoma fimbo, akavuta pumzi, akapiga hatua, akachoma tena. Darlène, ambaye tangu utoto hujibu kwa Kiswidi hata akiulizwa kwa Kirundi, safari hii alikuwa akimtania kwa Kiswahili ili mwenye nyumbu, akisikia lugha mbili, asidhani wanagombana.

"Mama, umepanda ngazi za nyumba yetu miaka kumi na minane kila lifti ikigoma. Hii ni ghorofa ya mia tu."

Libérate akamjibu kwamba kwenye ghorofa ya mia afadhali kungekuwa na mtu wa kumlalamikia.

Walifika Lungmar alasiri ya siku hiyo. Kijiji chenyewe ni nyumba kumi na moja na mashamba ya shayiri, ng'ambo hii ya mto. Ng'ambo ya pili, mtu akivuka daraja la nyaya, hukuta jiwe limepakwa chokaa, na kutoka pale njia inapanda moja kwa moja hadi pangoni. Mama mwenye nyumba ya wageni aliwaeleza kwa vidole na maneno machache ya Kiingereza kwamba huu ni msimu wa watawa kujifungia. Siku arobaini na tano hawavuki lile jiwe. Mgeni anaweza kupanda kwao mchana, lakini wao hawateremki.

Libérate aliuliza zimebaki siku ngapi. Darlène akatafsiri, mama akahesabu kwa vidole, akafika mwisho wa Agosti. Wiki moja na siku mbili baada ya Jumamosi yao.

Kesho yake walipanda. Wa kwanza waliyemwona alikuwa kijana aliyevaa vazi la rangi ya zabibu kavu, amepiga magoti juu ya bati akikaza skrubu za paneli ya umeme. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kikang'aa. Libérate alisimama pale pale. Kwao ni ndugu wa marehemu wanaonyolewa hivyo, siku za matanga. Arnaud alikataa kunyolewa siku ile Stockholm, akasema Jumatatu ana kazi kwa watu, na wajomba walinung'unika. Sasa kichwa kilikuwa wazi kama siku aliyozaliwa.

Aliteremka kwenye bati akamkumbatia mama yake, na mama akampapasa utosi kwa kiganja chote.

"Walikunyoa lini?"

"Mwezi wa tatu, Mama."

Mwezi wa tatu. Msiba ukiwa na miezi tisa. Alilihifadhi neno hilo.

Aliwatembeza. Pango halikuwa kama Libérate alivyoliota, shimo lenye popo na mashetani. Lilikuwa pana kama kanisa dogo, limefagiliwa, taa za siagi zinawaka kwenye vikombe vya shaba na moshi wake umepaka dari weusi wa miaka mingi. Kwa ndani kabisa palikuwa na kisima kwenye mwamba, maji yake, Arnaud alisema, hayapandi wala hayashuki, kiangazi na baridi yapo pale pale. Sanamu zilikuwa ukutani. Libérate hakuinama, na hakuna aliyemwambia ainame. Alizipa mgongo, akampa uso mwanawe.

Kwa sababu alikuwa na jicho la kazi yake. Ukiingia nyumbani kwa mzee kule Hässelby huanzi na uso, maana uso hudanganya. Unaangalia kucha, kisha jokofu, kisha kitanda. Akaangalia kitanda. Godoro jembamba, blanketi mbili, zimekunjwa. Akaangalia chakula, unga wa shayiri, viazi, chai ya siagi na chumvi, ambayo alikunywa kikombe kizima kwa sababu nyumbani kwa mtoto hukatai kinywaji. Akaangalia kucha. Na hapo ndipo moyo wake ulipofanya kitu kibaya. Tangu Zénon alipougua, Arnaud alikuwa akizitafuna kucha hadi damu. Kwenye mazishi alivaa glavu. Sasa zilikuwa zimeota, zimekatwa sawasawa, vidole vimepona.

Mama mwingine angefurahi. Libérate aliona kwamba kazi imekuwa ngumu.

Mtawa mzee, mwalimu wa Arnaud, alikuja kuwaamkia. Macho yake yakaenda kwenye rozari ya Libérate, akaiomba kwa ishara, akaanza kuhesabu punje. Alipomaliza akatikisa kichwa kwa huruma, akaenda chumbani, akarudi na kopo la mbegu na uzi. Arnaud alicheka hadi akashika ukuta. Shanga zao zina punje mia na nane. Za mama ni hamsini na tisa. Mzee alidhani nyingine zimedondoka njiani, na anataka kumkamilishia.

"Mwambie ziko zote," alisema Libérate. "Mwambie kilichopungua kwangu hakimo kwenye kopo lake."

Arnaud hakuitafsiri hiyo. Akaangalia chini, akaona fimbo.

Aliitambua. Libérate alimwona akiitambua, na akaona aseme papo hapo. Akamweleza juu ya Jumamosi ya tatu, ukumbi, ndugu wa Brussels, baba yake mkubwa ambaye amekwisha kunoa koo la hotuba. Akamweleza kwamba jeep inawasubiri barabarani na tiketi ya tatu ipo. Baada ya kiti kukaliwa na mtungi kufunuliwa anaweza kurudi kwenye pango lake hata kesho yake, hakuna atakayemshika.

Arnaud alisikiliza yote. Alisema hawezi kuvuka jiwe kabla ya siku kuisha, maana aliweka neno lake mbele ya watu kumi na wanane, na mmoja akivunja wote wanaanza upya. Libérate akamuuliza neno alilomwekea baba yake liko wapi. Hapo kijana akasema jambo moja:

"Kule nilikuwa silali, Mama. Hapa nalala."

"Na mimi nani kakwambia nalala?"

Libérate akaenda mlangoni, akarudi, akaenda tena. Mtawa mzee, akiendelea kupanga mbegu zake, alimfuata kwa macho kama mtu anayetazama ndege aliyeingia ndani ya nyumba.

Siku ya pili wakapanda tena, na wakashuka hivyo hivyo. Siku ya tatu ilikuwa ya kuondoka, na Libérate aliamka akiwa na hila.

Kwao mgeni haachwi mlangoni. Unamsindikiza. Unamtoa uani, mnafika njiani, mazungumzo yanakolea, unasema nitafika pale kwenye mgomba tu, mnapita mgomba, na watu wawili wenye maneno mengi wameshajikuta kijiji cha pili bila hata kujua. Arnaud alilelewa hivyo. Huko Hallonbergen mgeni husindikizwa mpaka kwenye mageti ya treni, na Zénon alikuwa mara nyingi akiingia treni yenyewe na kuja kukumbukia T-Centralen, katikati ya jiji, kwamba amevaa ndala. Basi walipopanda kuaga, Libérate alimwomba mwanawe jambo moja dogo, amsindikize. Tena akamwomba polepole, kama jambo lisilo na uzito. Alikwisha kupiga hesabu: akifika jiweni atafika darajani, akifika darajani atafika jeep.

Arnaud alikubali mara moja. Walianza kuteremka, Darlène mbele, mama na mtoto nyuma, na Libérate akaanza kisa.

Kilikuwa kisa cha yeye na Zénon katika kambi ya wakimbizi ya Kigoma, ambacho watoto walikuwa wamekisikia vipande vipande lakini hawajapewa mwisho wake, kwa sababu kila mara Zénon aliona haya na kubadilisha mazungumzo. Walikuwa kwaya moja. Jioni moja baada ya mazoezi Zénon akamsindikiza hadi kwenye mlango wa baba yake. Walipofika, Libérate akaona si adabu kumwacha mtu arudi peke yake, akamsindikiza hadi kwake. Kufika kwake, Zénon akasema binti hawezi kurudi mwenyewe giza likiingia, akamsindikiza tena. Watu wa kambi wakaanza kuwahesabia. Mama mmoja mwuza dagaa akasema hawa sasa wachukuliwe kuwa barabara.

Arnaud alicheka. Alikuwa karibu yake, bega kwa bega pale njia ilipoachia. Libérate alipunguza sauti ili asogee zaidi. Akafika pale ambapo mvua ilinyesha wakiwa katikati, si kwa baba yake, si kwa Zénon, na Zénon akasimama, akageuka, akafungua mdomo. Mbele yao jiwe jeupe. Libérate hakuliangalia. Alilipita kama mtu anavyopita mti wa barabarani, maneno yakiendelea, hatua moja, mbili, tatu, na katika hatua ya nne akasikia kwamba anatembea peke yake.

Arnaud alikuwa amesimama upande wake wa jiwe, vidole vya miguu vimefika pale pale chokaa inapoishia.

"Malizia, Mama," alisema. "Nasikia kutoka hapa."

"Njoo usikie vizuri."

Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la Zénon kabisa, la mtu aliyekwisha kukuona unakokwenda. Alitazama mwamba bapa uliokuwa kando ya lile jiwe jeupe, akaenda akaketi juu yake, mgongo wima, magoti pamoja. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe fimbo."

Libérate alirudi hatua zile nne kwa haraka ya mtu aliyeitwa na daktari. Alimpa. Arnaud aliipokea kwa viganja viwili, akailaza mapajani, akafumba macho. Alisema kwa Kirundi kwamba ameipokea. Mto ulikuwa ukipiga kelele chini yao. Akafumbua macho, akamwita dada yake aliyekuwa amekwisha kufika mwanzo wa daraja, na Darlène alipokuja akampa ile fimbo, vilevile kwa mikono miwili.

"Shika nyumba," akamwambia.

Basi. Libérate aliona kila kitu na hakuona kitu. Aliona tu kwamba mwanawe amepewa baba yake mkononi, akamkabidhi mwingine kama mtu anayepokezana ndoo. Hakulia wala hakulaani. Alimfanyia ishara ya msalaba kwenye kile kipara, akageuka, akavuka daraja bila kutazama nyuma, kisa kikabaki kwenye mvua, na njia yote ya kurudi alitembea bila fimbo, kwa hasira, akiwa mbele ya nyumbu.

Nyumbani Hallonbergen akawa mbaya zaidi. Alianza kusimama hata wakati wa kula. Mtama aliununua duka la Waafrika, akauotesha, akaukausha, akaupika, akaweka pombe kwenye ndoo mbili kwenye baraza la ghorofa ya nne, na kila saa alikwenda kuinusa. Fimbo Darlène aliiweka nyuma ya mlango wa chumba chake, na mama hakuuliza. Mzee Isak alipopiga simu, aliambiwa wamerudi salama na mengine ataelezwa siku yenyewe.

Leokadia ndiye aliyemshauri. Aseme kijana ameshikwa na malaria.

Libérate akamwambia kule juu kuna barafu, mbu angeishi wapi.

"Na nani atakwenda kupima?" alisema Leokadia. "Ukumbi mzima umejaa watu wenye presha na kisukari. Mwache mmoja awe na malaria."

Libérate alikaribia kukubali. Alilifanyia mazoezi neno hilo kwenye treni, akiwa ameshika nguzo. Ijumaa akaenda kuungama, na alipofika mbele ya padri akakuta hana dhambi ya kusema bado, ana ile ambayo ameipanga. Padri akamwambia hiyo haiungamwi, inaachwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Warundi, Wanyarwanda wachache, majirani, wanakwaya. Mtungi ulikuwa katikati, umefunikwa kwa jani la mgomba lililonunuliwa kwenye duka la Wathai. Kiti cha Zénon, kile cha jikoni chenye mguu uliotiwa gundi, kilikuwa mbele, kitupu. Libérate alisimama kando ya ukuta katika nguo yake nyeusi.

Mzee Isak aliinuka. Aliamkia watu, akamshukuru Mungu, akamtaja Zénon, kisha akamgeukia mjane na kumuuliza mbele ya wote mtoto yuko wapi.

Maneno ya malaria yalikuja hadi kwenye meno. Akayameza.

"Yuko alipo, shemeji. Nilimfuata, hakuja. Ameweka neno la kutovuka jiwe na hakulivuka. Alinisindikiza hadi hapo akasimama."

Ukumbi ulivuma. Binamu mmoja wa Brussels akasema kwa sauti ya kusikika kwamba basi wafunge mizigo. Mzee Isak hakumtazama.

"Fimbo ya ndugu yangu iko wapi?"

"Anayo Darlène."

"Ilimfikiaje?"

Libérate akaeleza, na kadiri alivyoeleza aliona aibu, kwa sababu lilikuwa jambo la dakika mbili tu kando ya daraja. Mzee Isak akamkatiza. Aliuliza kama kijana alipokea akiwa amesimama au ameketi.

"Aliketi."

"Juu ya nini?"

"Juu ya mwamba. Ulikuwepo pale, ukaketiwa."

"Alitangulia kuketi, ndipo akaomba? Au aliomba kwanza?"

Libérate akarudi kwa mawazo kwenye ile njia, akamwona tena akitazama ule mwamba, akienda, akinyoosha mgongo. "Alitangulia kuketi," alisema polepole.

"Kwa mkono mmoja?"

"Miwili."

"Alisema nini?"

"Alisema amepokea. Halafu akamwita dada yake, akampa, akamwambia ashike nyumba."

Mzee Isak alivua miwani. Aliifuta kwa ncha ya koti kwa muda mrefu, na wale waliomfahamu waliona kwamba anazuia kitu kisitoke usoni.

"Na aliyempa fimbo ni nani?"

"Mimi, shemeji. Kwa mkono wangu."

"Basi tunakaa hapa kumngoja mtu ambaye umeshamkalisha mwenyewe," alisema. "Sisi ndio tumechelewa. Mrithi aliketi, akapokea, akasema neno. Mwenye nyumba akisafiri humwachia amtakaye. Darlène, lete fimbo ya baba yako."

Yule wa Brussels akauliza tangu lini fimbo ya mzee ikashikwa na msichana. Mzee Isak akamjibu kwamba fimbo yenyewe tangu iliponunuliwa haikuwa na mwenzake, na haikumzuia Zénon kufika alikokuwa akienda. Watu wakacheka, na kicheko kile kilikata maneno. Darlène akaja mbele na ile alumini yenye kitambaa chekundu, akaketi kwenye kiti chenye mguu wa gundi, mgongo wima, magoti pamoja. Jani la mgomba likaondolewa. Harufu ya mtama ikasambaa.

Libérate alibaki ukutani. Alikuwa ameishika ile siku mikononi wiki tatu nzima akidhani ni tusi. Mtoto hakulikataa jambo. Alilifanya lote, kwa mpangilio wake, kwenye upande wake wa jiwe, na mama yake akampa mgongo bila kulitambua. Tena na kisa akaondoka nacho.

Wanawake walikuwa wakimwita aende chumba cha pembeni avue nyeusi, kitenge kipo tayari kimepigwa pasi. Aliwaambia anakuja. Akaichukua simu yake kwenye mkoba, akatoka nje, akaenda hadi uwanja wa kuegesha magari. Kule Lungmar hakuna mtandao. Mara moja kwa wiki mwenye nyumbu huteremka na simu za watu wote kwenye mfuko, zikapokee, kisha hurudi nazo. Ujumbe ungemfikia Jumatano au Alhamisi. Akabonyeza pa kurekodi sauti, akaanza kutembea katikati ya magari.

"Arnaud, mwanangu. Dada yako ameketi. Wamekubali. Sasa sikiliza, tulikuwa tumefika kwenye mvua. Baba yako akasimama, akageuka, akaniambia hivi: Libérate, tukiendelea kusindikizana hatutafika kwa mtu yeyote. Bora tuwe na mlango mmoja. Ndivyo alivyosema, neno kwa neno, na maji yalikuwa yanaingia mdomoni. Basi mimi nikamjibu…"

Mlangoni Leokadia alikuwa amesimama na kitenge mkononi, akimuuliza anaongea na gari la nani. Libérate alimpungia mkono asubiri. Alikuwa amefika mwisho wa safu ya magari, akageuka, akaanza tena upya, taratibu, mwendo wa mtu ambaye ana mwenzake kando.